Bima ya boda: Ajenti wako atashika simu siku ya ajali?

Twende moja kwa moja. Hiyo pikipiki unayoendesha, ama ile umempa kijana wa jirani akuletee hesabu kila jioni, iko na bima? Usinijibu "iko na stika." Nauliza bima ni ya kampuni gani, imeandikwa kwa matumizi gani, inaisha tarehe ngapi, na ni nani alikuuzia. Kama umekwama kwa swali la pili, hii stori ni yako.

Juzi nilipanda nyumbani Mghange nikawauliza wahudumu wa boda pale steji maswali hayo hayo. Tarehe ya kuisha wengi waliijua, kwa sababu askari wa trafiki huiuliza. Jina la kampuni walilisoma kwenye simu. Matumizi? Kimya. Mmoja alicheka akaniambia, "Kaka, bima ni ya kupita barabarani tu." Yaani kwake ni kama tiketi ya maegesho. Ukishamwonyesha afande, kazi yake imeisha.

Simlaumu sana, maana wengi wetu hatukuwahi kuchagua bima. Ulichukua pikipiki kwa mkopo, ukalipa diposi, ukapewa helmeti na rifleta, na katikati ya zile karatasi ulizotia sahihi bila kusoma kulikuwa na bima ya mwaka wa kwanza. Aliyekukopesha ndiye aliyeichagua. Logibuku bado ni yake na alikuwa analinda mali yake. Mwaka ukaisha, mkopo ukabaki, na siku moja akaja jamaa steji na begi mgongoni akisema ana stika za bei poa. Ukatuma pesa kwa nambari yake ya simu, ukatumiwa picha kwa WhatsApp, ukarudi kazini. Hapo ndipo ulipochagua ajenti na kampuni ya bima kwa mara ya kwanza maishani, na ilikuchukua dakika tatu.

Sasa fikiria kazi tunayofanya huku. Mghange iko juu milimani, barabara ni za kupanda na kushuka, na asubuhi ukungu unaweza kukuficha gurudumu lako mwenyewe. Umebeba mama na gunia la mboga anazopeleka Wundanyi, ama unakimbiza mgonjwa hospitali ya Wesu, ama umepata abiria wa Mwatate na unateremka zile kona za Josa. Kokoto moja tu. Mama anavunjika mguu. Hospitali inataka pesa, duka lake limefungwa miezi mitatu, na shemeji yake anamjua wakili Voi. Barua ikija, haitakuja kwa jina la yule jamaa wa begi. Itakuja kwa mwenye pikipiki na kwa aliyekuwa akiiendesha.

Sheria inayohusika ni ya zamani, Sura ya 405 ya Sheria za Kenya. Inasema chombo cha moto hakiruhusiwi barabarani bila bima ya kumlinda mtu wa tatu, ile sote tunaita thadi pati. Mtu wa tatu ni nani? Wewe ndiye wa kwanza, kampuni ya bima ni ya pili, na yule utakayemuumiza ndiye wa tatu. Kwa hivyo thadi pati haikujengwa kwa ajili ya pikipiki yako. Haitakununulia taa mpya wala kukulipia mguu wako. Kazi yake ni kumlipa yule mwingine badala yako, na hata hapo sheria imeweka kikomo cha Sh3 milioni kwa mtu mmoja. Mahakama ikitoa zaidi ya hiyo, inayobaki ni deni lako.

(Na kwa sababu sisi ni Wataita, najua mtauliza. Ndovu akitoka kichakani kati ya Voi na Mwatate saa moja usiku akakukanyagia pikipiki, thadi pati haina habari na wewe. Hiyo ni kazi ya bima kamili, kama uliinunua. Ukiumia mwenyewe, kuna njia ya kudai kupitia KWS chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013, ambayo iliweka Sh5 milioni kwa familia ya aliyeuawa na mnyama. Foleni ya pesa hizo mnaijua kuliko mimi.)

Tuje kwa ile "matumizi", maana hapo ndipo vijana wengi wanaangukia. Kampuni za bima huuza thadi pati ya pikipiki ya kibinafsi na thadi pati ya pikipiki ya kubeba abiria kwa malipo. Ya kibinafsi ni bei ya chini. Jamaa wa begi anajua unapenda bei ya chini, kwa hivyo anakuandikia ya kibinafsi, na afande hatagundua kitu. Lakini sheria hailazimishi bima ya kawaida kumlipia abiria uliyembeba. Inalazimisha hivyo pale ambapo chombo kinabeba watu kwa malipo, na bima imeandikwa hivyo. Kwa hivyo yule mama wa mboga, mtu ambaye unamwita mama na anakulipa kila asubuhi, huenda hayumo kabisa kwenye bima yako.

Na si hilo tu. Ukijaza fomu kwamba pikipiki ni ya kwenda shambani na kanisani, halafu ikapatikana ikiwa kazini na abiria, kampuni inaweza kwenda mahakamani ikaomba iondolewe kwenye kesi kwa sababu ulisema uongo. Utasema ni ajenti aliyejaza. Sahihi ni ya nani?

Hivyo basi, kabla ya bei, mwambie ajenti kwa mdomo wako: mimi nabeba abiria kwa pesa. Ama: mimi napeleka mizigo ya watu. Ama: pikipiki ni yangu lakini anaendesha mtu mwingine, na leseni yake ni hii. Leseni yenyewe iangalie pia. Kwa NTSA, daraja la A2 ni pikipiki ya kawaida na A3 ndiyo ya boda na ya kusafirisha vifurushi. Ajenti akikuambia "hiyo usijali, tutaandika tu," huyo muage kwa heshima uende zako.

Huyo ajenti ni wa nani?

Hili nalo watu hawaliulizi. Ajenti wa bima ni mtu wa kampuni. Anaiuzia, na kamisheni yake inatoka huko. Anaweza kuwa mtu mzuri sana, mnaabudu naye, lakini mkikosana kampuni na wewe, yeye amesimama upande ule. Broka ni tofauti. Kisheria broka anakuwakilisha wewe, mteja, na anaweza kukutafutia kwa kampuni kadhaa. Kwa pikipiki moja huhitaji broka, na wengi wao hawatajisumbua na hela yako ndogo. Lakini kikundi cha boda cha watu arobaini au sitini kikienda pamoja, hapo broka atawasikiliza. Sijui kwa nini masacco yetu yanajadili rangi ya jaketi mkutano mzima na hayajawahi kuleta hoja hii mezani.

Ajenti halali ana leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, iliyoanza kazi 2007. Leseni ni ya mwaka, inakufa Desemba 31, kisha inafanywa upya. Orodha ya walioidhinishwa iko kwenye tovuti ya IRA, bure, inafunguka hata kwa simu yenye skrini iliyopasuka. Mwulize ajenti jina lake kamili na kampuni anayoiwakilisha, kisha mtafute humo. Mtu mwaminifu hatakasirika. Nilimfanyia hivyo ajenti mmoja wa Voi na yeye mwenyewe akanisaidia kutafuta ukurasa.

Pesa usitume kwa simu ya mtu. Hili ningekuwa na uwezo ningelipaka kwa rangi kwenye ukuta wa kila steji. Kampuni ina nambari yake ya Paybill, na unapolipa unaona jina la kampuni kabla ya kuweka PIN. Sheria ya Bima, kifungu cha 156, inakataza kampuni kubeba hatari yako kabla haijapokea ada. Maneno ya "nilipe nusu, nyingine wiki ijayo, mimi nitakushikia" hayana maana. Kama kampuni haijapata pesa, wewe huna bima, hata kama unayo picha yenye nembo. Ukibanwa na pesa, kampuni kadhaa huuza bima ya mwezi mmoja mmoja. Kwa mwaka inakula zaidi, na ukisahau siku moja umeisha, lakini angalau ni bima.

Cheti siku hizi ni cha kidijitali, kinatolewa kupitia mfumo wa DMVIC wa chama cha kampuni za bima, AKI. Ukishapata chako kihakikishe humo kwa nambari ya pikipiki. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na sikusomea mambo ya bima, ila hii haihitaji digrii. Unalinganisha nambari ya usajili, tarehe, jina la kampuni na matumizi.

Na risiti, buda. Isome. Juu ya ada yenyewe huwa kuna tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2, tozo ya hazina ya kufidia wateja ya asilimia 0.25, na stempu ya Sh40. Tuseme ada ni Sh4,000. Tozo ni Sh8 na Sh10, stempu Sh40, jumla Sh4,058. Ukiambiwa Sh4,600 uliza hizo nyingine ni za nani. Ukiambiwa Sh2,000 wakati kila mtu anasema elfu nne, uliza zaidi.

Kampuni yenyewe je?

Bei poa kupita kiasi ina historia yake Kenya, na wazee wa matatu wanaikumbuka vizuri. United Insurance ilikuwa inabeba matatu chungu nzima, ikawekwa chini ya msimamizi 2005. Blue Shield ikafuata 2011. Concord 2013. Resolution 2022. Kila moja iliacha watu waliolipa ada zao kwa wakati, na majeruhi waliokuwa wakingoja fidia. Mwenye gari anaamka asubuhi, stika iko kwenye kioo, kampuni iliyoandika hiyo stika haiko.

Kuna hazina ya kufidia wateja wa kampuni zilizoanguka, ndiyo ile unayoichangia asilimia 0.25, lakini malipo yake yana dari ya Sh250,000 kwa dai. Weka hiyo kando ya zile Sh3 milioni ndipo uone pengo lililopo.

Kampuni itakayoanguka kesho simjui, na wewe pia humjui. Lakini kuna vitu vya kuangalia. IRA hutoa takwimu za jinsi kampuni zinavyolipa madai, kwa majina, kila robo mwaka. Ukifungua unaona nani amepokea madai mangapi na amelipa mangapi. Tafuta kampuni yako kwenye robo mbili tatu zilizopita. Kama madai yanazidi kurundikana na yanayolipwa ni kiduchu, bei ya chini imeshajieleza. Takwimu nzuri kuliko hizo zote ni mtu wa steji yako aliyewahi kupata ajali. Mtafute. Hapo Mghange, Werugha, Wundanyi, hakosekani. Usimwulize alilipa ngapi. Mwulize alilipwa baada ya muda gani, na ni nani alishika simu. Sheria inataka dai lilipwe ndani ya siku 90, kwa hivyo akikuambia ni mwaka wa tatu anazungushwa, una jibu lako.

Angalia pia ofisi iko wapi. Ofisi ya karibu ikiwa Mombasa pekee, kila karatasi iliyokosewa itakula nauli na siku nzima ya kazi. Ningelipa mia tatu zaidi kwa kampuni yenye mlango Voi na mtu ndani yake.

Boti sasa. Najua umeshtuka, Mghange na boti wapi na wapi. Lakini kuna mghosi mmoja wa kwetu, amestaafu kazi Mombasa, ana boti ndogo ya faiba pale Mtwapa ya kuvua samaki wikendi. Alinipigia akiuliza kama yule ajenti wa pikipiki ya mpwa wake anaweza kumwandikia bima. Nikamwambia, mghosi, mwulize kwanza ameshaandikia boti ngapi.

Boti haina stika ya Sura ya 405. Inaingia kwenye bima ya baharini, yenye sheria yake ya Sura ya 390, na kampuni zinazoifanya kwa dhati si nyingi. Ajenti wa stika atakupa makaratasi ya kampuni yoyote atakayopata. Hapa ndipo broka anastahili kamisheni yake. Maswali nayo yanabadilika. Bima inafika wapi: ndani ya mkondo tu, ama hadi nje ya miamba? Injini ikiibiwa boti ikiwa imefungwa usiku, inalipwa? Ikizama kwa kukatika kamba wakati wa kusi? Nahodha lazima awe nani? Thamani iliyoandikwa ni ile mliyokubaliana mapema, ama wataanza kubishana bei siku imeshazama? Kampuni nayo itataka kujua hali ya boti, kwa hivyo cheti cha ukaguzi cha Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA, uwe nacho mkononi kabla hujaomba bei.

Halafu swali lile lile la boda: matumizi. Boti ya kibinafsi ni ya kibinafsi hadi siku rafiki wa rafiki anakuomba umpeleke na wageni wake wanne, wachange mafuta na kitu kidogo. Hapo umekuwa biashara, na karatasi inasema vingine. Na kama una ndoto ya kuleta chombo huku kwetu Ziwa Jipe, kumbuka mpaka wa Tanzania unapita mle majini. Bima iliyoandikwa "maji ya Kenya" haitakufuata ukivuka. Viboko wa Jipe waulizie pia, kwa maandishi.

Turudi barabarani tumalizie. Kabla hujalipa mtu yeyote, mpigie ajenti Jumapili saa mbili usiku. Usimtumie ujumbe, piga. Mwambie ukweli, kwamba unataka kujua kama hushika simu saa hizo, kwa sababu ajali za boda haziji saa za ofisi. Nilijaribu na watatu. Mmoja alishika. Mmoja alirudisha simu Jumatatu saa nne asubuhi, akiwa na sauti nzuri kabisa. Wa tatu mpaka leo.

Ajali ikitokea, aliyeumia kwanza. Afikishwe hospitali. Kisha piga picha za barabara, pikipiki, nambari za magari. Nenda kituo cha polisi ukaandikishe, upewe nambari ya OB, na uombe abstrakti mapema. Mjulishe ajenti siku hiyo hiyo, lakini usiishie kwake. Iandikie kampuni barua pepe moja kwa moja ili tarehe ibaki kwenye rekodi. Usimwahidi mtu pesa pale barabarani wala kutia sahihi ya kukubali makosa, hata kama mzee wa kijiji anasukuma yaishe leo. Bima nyingi zinakukataza kukubali makosa bila wao, na ukishaahidi wana sababu ya kujitoa.

Na ile barua ya wakili ikija, miezi mitano baadaye wakati umeshasahau, usiiweke chini ya godoro. Ipige picha, peleka nakala kwa kampuni wiki hiyo hiyo, na mwambie karani aigonge mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako.